Nilipie Faragha au Nisilipie?

Wandugu, hii ni wiki ya pili nimekwama kwenye kisanduku kimoja tu cha kuweka tiki. Nimeamua kununua jina langu. Namaanisha jina la kikoa, lile linaloishia na nukta com, ili maandishi yangu yawe na nyumba yake badala ya kuendelea kupanga kwenye chumba cha watu. Jina nimelitafuta, lipo, hakuna aliyeliwahi. Nikaliweka kwenye kikapu cha duka moja la hapa Dar linalouza majina haya kwa niaba ya kampuni ya nje. Nilipofika mahali pa kulipa nikakutana nacho: linda faragha yako, dola 8 kwa mwaka.

Dola nane ni kama shilingi elfu ishirini. Hazimfilisi mtu, lakini ni za kila mwaka, na jina lenyewe halifiki dola ishirini. Yaani nimenunua kiwanja, halafu naambiwa nilipe karibu nusu ya bei yake kwa ajili ya ua. Na mimi kama mwandishi wa habari nimezoea kuuliza: ua huu unamzuia nani, na nani ameshika funguo?

Kwanza tuelewane kinachofichwa. Unaposajili jina la kikoa unajaza fomu: jina kamili, anwani, mji, nchi, simu, barua pepe. Kwa miaka mingi fomu hiyo ilikuwa kama imebandikwa ukutani. Mtu yeyote, popote duniani, aliandika jina la tovuti yako na kuletewa yote uliyojaza, bila kuulizwa yeye ni nani wala anataka nini. Ukuta huo unaitwa WHOIS.

WHOIS ni mzee kuliko nukta com yenyewe. Maelezo yake yalichapishwa Machi 1982, wakati nukta com ilikuja 1985. Enzi hizo mtandao uliitwa ARPANET na uligharimiwa na wizara ya ulinzi ya Marekani. Kituo chake cha taarifa kilikuwa SRI International kule California, kikiongozwa na mama mmoja, Elizabeth Feinler. Waraka wa 1982 uliomba kila mwenye uwezo wa kutuma kitu kwenye mtandao ule ajiandikishe: jina, anwani ya posta ya Marekani, simu na sanduku la barua pepe. Hakuna aliyeona ubaya. Ilikuwa kama kijiji ambako kila mtu anamjua mwenzake, na mbuzi wako akiingia shambani kwangu nijue nimpigie nani simu.

Halafu kijiji kikawa mji, mji ukawa dunia nzima, lakini daftari likabaki lile lile. ICANN, shirika linalosimamia majina haya, lilipoanzishwa 1998, lilirithi daftari pamoja na tabia zake. Mtu aliyefungua tovuti ya kuuza keki akajikuta namba yake ya simu iko wazi kwa matapeli wa mabara yote. Barua pepe za takataka zikamiminika. Wengine wakapata barua za kutishwa kwamba jina lao linakaribia kufa, walipe haraka, kumbe aliyeziandika hahusiki kabisa na jina hilo.

Palipo na maumivu hapakosi muuza dawa. Mwaka 2002 Bob Parsons wa GoDaddy alianzisha kampuni iitwayo Domains by Proxy. Biashara yake ni rahisi: badala ya jina lako kuonekana kwenye daftari, linaonekana la kwao. Wasajili wengine wakaiga, na kile kisanduku kikawa kitu cha kawaida kwenye kila kikapu. Tazama vizuri mchezo ulivyo. Sheria inakutaka uweke taarifa zako hadharani, na anayekusajili kwa sheria hiyo ndiye anayekuuzia njia ya kuikwepa. Ukiniuliza mimi, ni sawa na konda akuuzie kiti halafu akutoze tena kwa kukikalia.

Mwaka 2018 mambo yakabadilika. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa binafsi, GDPR, ilianza kutumika tarehe 25 Mei mwaka huo. Siku nane kabla, ICANN walipitisha masharti ya muda: kwa nukta com na wenzake, jina, mtaa, simu na barua pepe ya mtu binafsi zisionyeshwe hadharani. Tangu hapo ukitafuta tovuti nyingi unakuta maneno ya kwamba taarifa zimefunikwa, basi. Wasajili kadhaa wakubwa, Namecheap akiwa mmoja wao, wakaanza kutoa bure kile walichokuwa wakikiuza. Hata WHOIS yenyewe imestaafishwa: tangu tarehe 28 Januari 2025 wasajili wa majina hayo hawalazimiki tena kuiendesha, mfumo mpya unaitwa RDAP. Watu bado wanasema WHOIS, kama tunavyoendelea kuita mitaa kwa majina ya sinema zilizokwishavunjwa.

Sasa utaniuliza, kama zimefunikwa bure, dola 8 ni za nini? Na mimi ndilo nililojiuliza. Nikapiga simu dukani.

"Kaka, ukilipia, jina lako halionekani," akasema kijana wa huduma kwa wateja.

"Na nisipolipia?"

"Linaonekana."

"Linaonekana kwa nani? Si zimefunikwa tangu 2018?"

Kimya kidogo. Akaniambia nisubiri amuulize mtaalamu. Wimbo ukapigwa, salio likaisha.

Basi nikajaribu mwenyewe. Ninao marafiki wawili wenye majina ya nukta com, wote hawakulipia faragha, kila mmoja alinunua kwa duka lake. Nikayatafuta yote mawili, kwa ruhusa yao. La kwanza limefunikwa, unaona nchi na mkoa tu. La pili, namba ya simu hii hapa, na mtaa huu hapa. Maelezo yake ni kwamba masharti ya ICANN yalilazimisha kufunika pale sheria ya Ulaya inapogusa, na yakawaruhusu wasajili kufunika za watu wote, lakini kwa mteja aliyeko Tanzania, kwa msajili asiye wa Ulaya, ilikuwa ni hiari. Wengi walifunika za wote kwa sababu ni rahisi kuliko kuchambua nani ni nani. Wengine hawakufanya hivyo. Sisi tuna Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023, lakini msajili mwenye ofisi Marekani haamki asubuhi akiifikiria Dodoma.

Kwa hiyo kisanduku kile kinaweza kuwa kinauza kitu cha kweli, au kinauza upepo. Inategemea aliyesimama nyuma ya duka ni nani, na duka lenyewe halikuweza kuniambia.

Tuje kwenye anwani, maana hapa ndipo penye moyo wa jambo.

Sisi tumekulia kwenye S.L.P. Barua za baba zilikuja kwa sanduku la shule aliyofundisha, za shangazi zilikuja kwa sanduku la kazini kwake, na mgeni wa nyumbani alielekezwa kwa mdomo: shuka kituoni, ulizia duka la Mpemba, geti la bluu. Bila mtu yeyote kuliita hivyo, sanduku la posta lilikuwa faragha yetu. Lilisema wewe upo, unapatikana, unaweza kushitakiwa na kupelekewa barua, lakini halikumwonyesha mtu mlango unaolala nyuma yake. Kisha ikaja operesheni ya anwani za makazi ya 2022. Mitaa ikapewa majina, nguzo zikasimamishwa, nyumba zikabandikwa namba. Naisifu kazi hiyo, zimamoto na gari la wagonjwa wanahitaji namba. Ila sasa fomu ya Wazungu ikiuliza mtaa na namba ya nyumba, kwa mara ya kwanza ninalo jibu kamili.

Na nyumba yenyewe si yangu. Ni ya mama.

Mwaka jana, baada ya habari yangu moja ya viwanja, nilipigiwa simu saa tano usiku na mtu asiyejitambulisha. Akasema anajua ninapokaa. Nikamwambia haya, taja. Akataja Sinza. Sijawahi kukaa Sinza hata siku moja. Nilicheka nilipokata simu, lakini usingizi haukuja mapema. Mtu yule alikuwa anabahatisha. Ningekuwa na jina langu la nukta com kwa yule msajili wa rafiki yangu wa pili, asingehitaji kubahatisha. Ningekuwa nimemjazia mwenyewe, kwa tahajia sahihi, na msimbo wa posta juu yake.

Hapo mtu atasema, basi lipia yaishe. Ngoja kwanza. Kuna upande wa pili, na upande huo pia ni mimi.

Habari ile ya viwanja niliipata wapi? Kulikuwa na tovuti ikitangaza viwanja nje ya mji, unatuma ada ya fomu kwa simu, halafu unasubiri kuitwa kwenda kuonyeshwa. Watu walisubiri sana. Namba za kupokea pesa zilibadilika kila mara na ofisi haikuwepo. Nikatafuta kikoa chao kwenye daftari, kwa mazoea tu, nikitegemea kukuta kimefunikwa. Hakikufunikwa. Jina, simu, barua pepe, mtaa na namba ya nyumba. Nikapanda daladala.

Nilikuta bibi mmoja ameketi kibarazani anachambua mchele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, karibu. Unamtafuta nani?"

Nikataja jina. Akasimama, akaniletea kigoda, akamwita mtoto alete maji ya kunywa. Alidhani nimemletea mwanawe habari za kazi, maana siku hizo alikuwa ameomba kazi sehemu nyingi. Mwanawe hakai hapo, ana miaka anapanga mjini, ila karatasi zake zote anaandika nyumbani kwa mama kwa sababu ndiko kwenye namba. Nikajitambulisha kuwa mimi ni mwandishi wa habari. Mikono ikasimama juu ya ungo. Akaniuliza, "Amefanya nini?"

Nilimjibu kwa kifupi kadiri nilivyoweza, nikaacha namba yangu, nikanywa maji, nikaondoka. Jioni mwanawe akanipigia, akafoka, kisha akajibu maswali. Habari ikatoka na maelezo yake ndani, na nyumba ile haikutajwa. Nikipata habari kama ile kesho nitapanda daladala ile ile. Waliolipa ada za fomu walikuwa na haki ya kujua wamempa nani pesa.

Lakini mnaona nilipo. Daftari lililo wazi ni chombo changu cha kazi. Kila jina linalofunikwa ni mlango mmoja unaofungwa usoni mwangu. Ipo njia rasmi, ICANN walianzisha Novemba 2023 mfumo wa kuomba taarifa zilizofunikwa, lakini ombi linakwenda kwa msajili na yeye ndiye anayeamua. Sioni msajili wa ng'ambo akimfungulia ripota wa Dar kwa sababu watu walilizwa ada za fomu. Kwa hiyo mimi ambaye huwa nalaani matapeli kujificha ndiye nimekaa hapa na kikapu changu nikitafuta jinsi ya kujificha.

Nikalitupa swali hili kwenye chumba cha habari. Mhariri wangu alikuwa anakunywa chai, hakuinua hata macho.

"Dogo, jina lako linatoka gazetini kila siku, hadi kwenye mafungu ya vitumbua lipo. Leo unataka kulificha?"

Wakacheka wote. Lakini alikuwa amegusa penyewe, na nilipanda daladala ya jioni bado namjibu kichwani. Jina langu sitaki kulificha. Nalinunua jina hilo kuwa anwani ya tovuti, nitalifichaje? Gazeti linaniwekea jina juu ya habari ili aliyeumizwa na nilichoandika ajue amshike nani. Lakini gazeti halijawahi kuandika chini ya jina langu kwamba kijana huyu analala chumba cha uani, mama yake anatoka saa kumi na moja alfajiri kwenda sokoni, geti halina kufuli zuri. Msomaji ana haki na jina langu, na kazi yangu, na mahali pa kunipelekea malalamiko au hati ya mahakama. Kwenye mlango wa mama hana haki, kwa sababu mama hakuandika kitu. Na nikisema hivyo kwa ajili yangu, basi nakubali pia kwamba yule bibi wa mchele hakuandika kitu. Kosa la daftari lile la 1982 ni kuvifunga vitu viwili kamba moja, anayewajibika ni nani na analala wapi.

Mwenzangu wa dawati la mahakama yeye aliuliza lingine, ambalo kwa nchi yetu ndilo kubwa zaidi: "Unamficha nani, mwizi au Serikali?"

Kwa Serikali, tusidanganyane. Laini yangu ya simu imesajiliwa kwa alama za vidole kama yako. Kanuni za Maudhui Mtandaoni za 2018 ziliwataka wanablogu wachukue leseni ya TCRA, na ada zilizotangazwa wakati ule zilizidi shilingi milioni 2 kwa kuanza. Zimerekebishwa tangu hapo, lakini kanuni zipo. Na kampuni ya faragha si ukuta wa mawe. Soma masharti yao: ikija amri ya mahakama, wanakutoa. Hata malalamiko mazito ya alama ya biashara huwatosha wengi wao.

Aliyetaka kujua uzito wa jambo hili hapa kwetu anakumbuka Desemba 2016, Maxence Melo wa JamiiForums alipokamatwa na kufikishwa Mahakama ya Kisutu. Mashtaka yake yalikuwa na sura mbili, na zote mbili zinahusu mada ya leo. Moja ilikuwa kuzuia uchunguzi kwa kutotoa taarifa za watumiaji wake waliokuwa wakiandika bila majina. Nyingine ilikuwa kusimamia kikoa ambacho hakijasajiliwa Tanzania, yaani tovuti yake kuishia na nukta com badala ya nukta tz. Kesi zake ziliendelea hadi 2020. Naikumbuka kila ninapoangalia kikapu changu, maana kumbe hata herufi za mwisho wa jina zinaweza kusomwa mahakamani. Kwa hiyo hizi dola 8 sizinunulii kinga dhidi ya dola. Nikizinunua, ni kinga dhidi ya yule wa Sinza.

Je, hiyo inatosha? Hapa nilitumia usiku mzima kusoma, na niliyoyasoma hayakunifurahisha.

Machi 2015 ilitangazwa kwamba taarifa za wamiliki wa majina 282,867 zilikuwa zimevuja. Wote walikuwa wateja wa Google waliosajiliwa kupitia kampuni ya eNom, na wote walikuwa wamechagua kufichwa. Kasoro kwenye programu ilikuwa ikiondoa pazia kila jina lilipohuishwa kwa mwaka mwingine. Mtu amelala anajua amefichwa, kumbe siku jina lake lilipohuishwa ndiyo siku alipoanikwa. Halafu Septemba 2021 msajili mwingine wa Marekani, Epik, akadukuliwa. Zaidi ya anwani milioni 15 za barua pepe zikatoka nje, zikiwemo za watu ambao hawajawahi kuwa wateja wake, kwa sababu kampuni ilikuwa imenakili taarifa zao kutoka WHOIS. Mnaona? Anayeuza pazia anatunza orodha ya kila aliye nyuma ya pazia.

Jingine ni kwamba kilichowahi kuwa wazi hakirudi ndani. Yapo makampuni, DomainTools ni mojawapo, yaliyokuwa yakihifadhi nakala za daftari miaka na miaka, na yanauza kumbukumbu hizo. Ukisajili leo bila kinga kwa msajili asiyefunika, halafu ukalipia mwezi ujao, ule mwezi mmoja unaweza kuwa umekwisha kunakiliwa. Uamuzi ni wa siku ya kwanza.

Na lipo hili la umiliki, ambalo vijana wa dukani hawalisemi. Faragha zinazouzwa ni za aina mbili. Ya kwanza inaacha jina kuwa lako na kubadilisha tu mawasiliano. Ya pili inamwandika wakala kuwa ndiye mwenye jina, nawe unabaki na mkataba wa kulitumia. Nukta com yako kwenye daftari ni yake. Mambo yakiwa shwari hakuna tofauti. Lakini mwaka 2007 ICANN ilimfutia kibali msajili aitwaye RegisterFly, majina ya wateja wake yakahamishiwa GoDaddy. Hebu fikiria wewe ndiye ulikuwa umefichwa na huyo huyo anayezama, unatakiwa kuthibitisha kwamba jina ni lako, na kwenye daftari kuna jina lake.

Kuna rafiki aliyenishauri nidanganye tu. Andika mtaa wa mwezini, nyumba namba sifuri. Kwa mikataba ya ICANN, tangu ule wa 2013, msajili anatakiwa kuthibitisha barua pepe au simu yako ndani ya siku 15, na taarifa za uongo ni sababu tosha ya kusimamishiwa jina. Kwa ripota ni mbaya zaidi. Siku nitakapomkera mtu mwenye wakili, jambo la kwanza watakaloliinua ni kwamba huyu anayedai ukweli amejaza uongo kwenye fomu. Ushauri wa kutumia anwani na barua pepe ya gazeti nao niliukataa. Siku nikiachishwa kazi, barua ya kuhuisha jina langu itakwenda kwenye sanduku nisiloweza kulifungua.

Basi nimeamua hivi. Zile dola 8 silipi, na kikapu cha duka lile nimekiacha. Nanunua kwa msajili ambaye masharti yake yanasema wazi kwamba taarifa za mtu binafsi zinafunikwa bila malipo, bila kujali anaishi nchi gani, na umiliki unabaki wangu. Nitajaza jina langu la kweli na simu yangu ya kweli. Kisanduku cha kampuni nitakiacha kitupu, maana nimegundua hicho kinaweza kuonyeshwa hata pale vingine vikifunikwa, na watu wengi hurudia humo majina yao. Kwenye tovuti yenyewe, ukurasa wa kwanza, nitaweka jina langu, barua pepe, na anwani ya kunipelekea barua. Nukta tz nitaichukua pia, lakini kwa subira, kwa sababu kanuni hizi za ICANN hazihusu herufi za nchi. Nukta tz iko chini ya TCRA, na kabla ya kujaza fomu yao nataka niulize nini kinaonekana na nini hakionekani, nijibiwe kwa maandishi.

Mhariri nilipomweleza aliuliza swali moja tu: matapeli wa viwanja nao wakifanya hivyo hivyo, utawapata vipi? Nikamwambia nitafuata pesa, namba za simu na wale waliolizwa, kama ripota wa kabla ya intaneti. Akasema hao walikuwa na muda. Sikuwa na jibu zuri, na sinalo bado.

Imebaki anwani. Nitakodi sanduku la posta langu mwenyewe, la kwanza maishani. Nilipomwambia mama, hakuuliza kikoa ni kitu gani wala ninamkwepa nani. Aliuliza kama ufunguo huwa ni mmoja au miwili, maana barua za kikundi chao cha kuweka na kukopa zinapotea sana kwa mwenyekiti, na kama nafasi ipo, basi nao wangeitumia.